Barua ya Mabata Niliyoibandika Mlangoni

Mwanangu, tangu uniambie umepata wapangaji na unatafuta mtu wa kukuandikia barua kali, nakumbuka siku moja ya mtaani kwetu Kamalondo ambayo mpaka leo naionea haya.

Jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, askari kila kona. Baba alikuwa amefariki, akaniachia nyumba, mama yangu, na mpangaji mmoja: Mama Ngalula, fundi cherehani kutoka Kasai, mjane wa mwalimu. Tulipatana kwamba hatafuga wanyama chumbani. Basi, siku hiyo nikasikia mabata wakipiga kelele chini ya meza ya cherehani yake.

Ningeweza kubisha hodi. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Nikaenda kwa karani mwenye mashine ya kuandikia, akanipigia Kifaransa cha kiofisi: kila anayefuga wanyama ndani ya nyumba hii ahame kabla ya Jumapili. Nikatafuta hata muhuri. Nikapata wa timu ya mpira ya marehemu baba. Asubuhi nikaibandika mlangoni kwa Mama Ngalula, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Niliporudi nilimkuta mama yangu mzazi amekaa langoni juu ya sanduku lake, kuku wawili mapajani. Kando yake Mama Ngalula alikuwa akifunga cherehani kwa kamba. Ndiye aliyemsomea mama barua, neno kwa neno.

"Miye niko na kuku mbili chini ya kitanda," mama alisema. "Bwana patron, bosi wa nyumba, utuonyeshe njia."

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Mama Ngalula hakuinua macho.

"Mutoto wangu, bata niliingiza mu nyumba juu basoda banaiba. Juu ya nini haukuniuliza na kinywa? Siku hizi, karatasi ku mulango wa muntu wa Kasai, tunajua maana yake."

Kicheko kikanikauka. Kumbe askari walikuwa wakiiba mabata, naye akawaficha chumbani. Watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao, hawana pa kwenda, na mimi nimemtisha mjane kwa ajili ya bata. Nikaichana barua, nikapiga magoti kuomba msamaha. Mama akaniambia niinuke nikatafute mbao. Jumapili nzima nilijenga banda la mabata lenye kufuli, wao wawili wamekaa wakinikosoa.

Kwa hiyo, mwanangu, mpangaji akivunja mapatano, kwanza nenda mwenyewe, ukae, uulize sababu. Akirudia, ndipo uandike: jina lake, kosa lake, siku za kutosha za kujirekebisha, na umpe mkononi. Usiandike "kila mtu". Na kabla hujaandika, chungulia chini ya kitanda cha mama yako.

Mungu akupe wapangaji wenye amani. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukaa langoni juu ya sanduku mpaka uone aibu.