Aliyefunga Mzigo Aubebe Kwanza: Miaka Yangu kwenye Kambi ya Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Mama ndiye aliyenishauri hivyo, nyumbani kwetu Itetemia, kwamba kijana akienda kuripoti kazi sharti apendeze. Nikapanda treni Tabora viatu vinang'aa, nikapita Urambo, Kaliua na Uvinza, nikashuka Kigoma, kisha nikachukua boti ya mizigo kuelekea kusini hadi chini ya milima ile inayosimama juu ya Ziwa Tanganyika. Mkuu wa Kambi alikuwa ananisubiri ufukoni. Aliniangalia kuanzia kichwani, akateremka taratibu, macho yakaishia miguuni.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Harusi ni ya nani?"

Wapagazi waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Aliingia stoo, akatoka na katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, akanirushia. Viatu vya kanisani vikalala kwenye gunia, nami nikaanza kupanda mlima. Nawaandikia vijana mnaotaka kazi hii ya kambi za watalii ili mjue kwamba hivyo ndivyo nilivyoanza, na kwamba mpaka leo sijawahi kumheshimu bosi mwingine kama nilivyomheshimu yule aliyeniuliza habari za harusi.

Alikuwa mtu wa Ulyankulu, wa familia za wakulima zilizotoka Burundi, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kugusa mzigo. Alikuwa mfupi, na alitembea ameinamia upande mmoja kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu ardhini. Hatukumuuliza kwa nini. Alizungumza Kiswahili cha polepole, na neno lake likishatoka halikurudi.

Kambi yenyewe ilikuwa ndogo. Kulikuwa na mahema sita ya wageni, hema la jiko, na vibanda viwili vya mabati vya sisi wafanyakazi, vyote vimekaa kwenye bega la mlima, pale msitu wa mianzi unapokwisha na majani mafupi yanapoanza. Chemchemi moja ndogo ilitupa maji. Asubuhi ukungu ukiondoka, ziwa lote linakuwa chini yako, na ng'ambo yake milima ya Kongo imejipanga, ya mbele kijani, ya nyuma bluu. Nimezaliwa kwenye nchi tambarare ya miombo, ambako ukitaka kuona mbali unapanda kichuguu. Mara ya kwanza kusimama pale nilishikwa na machozi, na sioni aibu kulisema.

Msimu ule niliajiriwa pamoja na Shija, kijana wa Ziba aliyekulia kwenye kuchunga ng'ombe, mrefu, mwenye mabega ya kubebea mlango. Tulipoambiwa tufunge hema letu wenyewe, Shija akachagua mahali bila kusita: kijibonde chenye majani laini karibu na maji. Kwetu sote wawili lilikuwa jambo la wazi. Mtu wa tambarare akitafuta pa kulala hutafuta mahali pa chini palipo sawa, palipojikinga na upepo. Mkuu wa Kambi akapita, akatazama, akasema, "Lala salama," akaenda zake.

Asubuhi hema lilikuwa limelowa umande, na meno ya Shija yalikuwa yanagongana.

"Huku baridi inatembea," Mkuu akatuambia, akitukabidhi chai. "Jua likizama inateremka mlimani kama maji, inatafuta bonde. Ikishafika hapo inatulia. Nyie mmelala ndani ya kisima cha baridi."

Basi tukajifunza. Hema la mlimani hufungwa kwenye kiinuko kidogo, mlango ukitazama mbali na upepo. Turubai ya chini hukunjwa isitokeze nje ya hema, maana ikitokeza itakusanya mvua na kukuletea kitandani. Kigingi hakichomekwi wima, hulazwa kichwa chake kikiangalia mbali na hema, ili kamba ikivuta kizidi kuingia. Na jikoni tulifundishwa kwamba maharage lazima yalowekwe tangu jana, kwa sababu huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Utaona sufuria inatokota kwa mbwembwe, lakini maharage bado ni kokoto.

Lakini kiini cha kazi yetu kilikuwa mzigo. Hakuna gari linalofika kule, wala punda. Kila kijiko kilichoko kambini kimepanda kwa kichwa au mgongo wa mtu. Mimi sikuona unyonge wowote katika hilo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo katika njia ya misafara kutoka Ujiji hadi pwani, na baba yangu alikuwa akisema kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na ngata kichwani alipata tabu kuoa. Ngata ni kile kiduara cha majani au kitambaa unachoweka chini ya mzigo. Treni iliyonipeleka kazini ilipita karibu na njia hiyohiyo. Kwa hiyo nilipotandika ngata yangu ya kwanza nilihisi nimerudi kwenye kazi ya ukoo.

Sasa, Mkuu wa Kambi alikuwa na sheria moja, ambayo sikuikuta mahali pengine popote. Aliyefunga mzigo ndiye aliyeubeba kwanza, kutoka ufukoni hadi pumziko la kwanza, penye mawe mapana. Baada ya hapo ndipo mpagazi aliupokea. Karani wa stoo akifunga gunia la unga, alilibeba. Mpishi akifunga sufuria zake, alizibeba. Mkuu mwenyewe, na ule mwendo wake wa upande, alibeba kila alichokifunga.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani wa mwingine huonekana mwepesi daima. Sheria ile ililikomesha jambo hilo. Ungeshangaa jinsi mizigo ilivyopungua yenyewe. Karani aliyekuwa akijaza gunia hadi mdomoni akaanza kuona kwamba magunia mawili madogo ni bora. Mpishi akagundua kwamba sufuria moja kubwa ya chuma haina ulazima. Na kamba zilikazwa vizuri, kwa sababu kamba iliyolegea ingemkata bega yeye mwenyewe kwanza. Sisi wapagazi tulishuka mlima tukiwa wazima, tukiimba.

Ndipo Meneja wa Safari akaja kutoka mjini. Huyu alikuwa juu ya Mkuu wa Kambi, kijana mchapakazi, mwenye haraka ya kupanda cheo. Alileta wageni wakubwa aliotaka kuwafurahisha, na pamoja nao viti vya chuma, kreti za soda, na jenereta, ili kule juu kuwe na taa kama hotelini. Jenereta ile alikuwa ameifunga mwenyewe kwenye mti wa kubebea. Akatutazama wote, akamnyooshea kidole Shija ashike upande mmoja, kwa sababu ya yale mabega. Hakujua kwamba Shija alikuwa ametoka kuugua kichomi na kwamba alikuwa bado anakohoa akipanda kilima kidogo. Sisi tulijua.

"Bwana Meneja," Mkuu wa Kambi akasema kwa upole, "hii nani kaifunga?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Basi, karibu uinue. Utaratibu wetu unaufahamu."

"Utaratibu ni wa makarani, mzee. Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na aliyefunga mzigo."

Shija akajisogeza mbele. "Mzee, acha tu. Nitabeba mimi."

"Wewe sijakuuliza," Mkuu akamjibu bila kugeuka.

Meneja akamsogelea, akapunguza sauti, lakini nilikuwa karibu nikasikia. "Ukinidhalilisha mbele ya wageni hawa, msimu ukiisha ukatafute kazi kwingine."

Mkuu wa Kambi akafungua vifungo vya shati. Akageuka, akalishusha hadi kiunoni. Uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda katikati, kama njia inayokwepa jiwe. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuuona.

"Hii ni kazi ya mashine ya kusaga," alisema. "Niliipandisha mlima mwingine, nikiwa na umri wa huyu Shija. Aliyeifunga alikuwa ofisini anakunywa chai, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hakujua tu uzito wake. Mimi sikutakii ubaya, baba. Nataka ujue uzito wake."

Akavaa shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akasubiri.

Nampa Meneja haki yake, maana wengine wangeondoka. Yeye alivua koti, akamwita dereva wa boti ashike upande wa pili wa mti, akainua. Tulipanda nyuma yao. Aliteleza, akapiga goti, akainuka. Alipofika kwenye mawe mapana akaitua, akakaa, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka hadi hakuweza kufungua chupa ya maji. Shija ndiye aliyemfungulia.

Meneja alikunywa, akaitazama ile jenereta kwa muda, akasema, "Irudishwe chini."

Wageni walikaa kambini kwa kandili. Waliziona nyota zilivyojaa juu ya ziwa, wakala ugali na migebuka, wale samaki wa ziwani, na hakuna hata mmoja aliyeulizia umeme. Ningependa kuwaambia kwamba Meneja na Mkuu walipatana. Lakini dunia haiendi hivyo. Meneja alikuwa amekwisha kulitamka neno lake, na msimu ulipoisha Mkuu wa Kambi hakuitwa tena. Mimi ndiye niliyeitwa.

"Utakuwa Mkuu wa Kambi," Meneja akaniambia. "Lakini ile sheria ya mzee wako iishe."

Niliomba ruhusa, nikapanda treni hadi Kaliua, nikapata lori hadi Ulyankulu. Nilimkuta shambani kwake, katikati ya tumbaku, mkono umenata utomvu. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, kama niliyeiba.

"Wamenipa kazi yako, mzee. Nikatae?"

"Ukikataa watampa mtu ambaye hakuwa pale. Nenda."

"Na sheria? Anataka niiache."

Akang'oa kichipukizi cha tumbaku, akakitupa. "Mimi nina tumbaku sasa. Migongo ni ya nani?"

"Ya wapagazi."

"Basi kaulize wenye migongo."

Nilirudi, nikawauliza. Jibu lao mnalijua. Nikamwendea Meneja, nikasema nimeikubali kazi na sheria inabaki, na kama haiwezekani basi naye ampe mwingine. Akayatazama matumbo ya viganja vyake, sijui kama alikuwa anafikiri au anakumbuka. "Mimi sitafunga mizigo tena," akasema hatimaye. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu. Tangu siku hiyo kila alichokituma kutoka mjini kilifika katika vifurushi vidogo, na miaka ilivyokwenda nikaja kumpenda.

Baada yake nilifanya kazi chini ya mameneja wengine. Mmoja alinihamisha kwa muda kwenye kambi ya mlima mwingine, wenye theluji na wageni wengi, nikaumwa kichwa na kutamani nyumbani, nikaomba nirudishwe. Mwingine, mama mmoja mkali aliyekuwa Mhasibu kabla ya kuwa Meneja, alibeba boksi la makopo ya maziwa hadi mawe mapana siku yake ya kwanza, akatua na kusema, "Nani mjinga aliyeagiza makopo?" Aliyeagiza alikuwa yeye. Tulicheka naye hadi kambini. Shija alipona kabisa, akawa kiongozi wa wapagazi, na sasa ana ng'ombe wake Ziba wengi hadi kuwataja ni kukosa adabu.

Siku hizi kuna mizani getini, na mikoba ya mgongoni yenye mikanda mipana. Ni maendeleo, nayasifu. Nawakumbusha tu vijana kwamba mizani haichoki, ndiyo kasoro yake. Nami nimechoka. Magoti yameniambia shuka, nikashuka, nikarudi Itetemia kulima mihogo na kukaa na wajukuu. Nikipanda kichuguu siku hizi wananicheka.

Kabla sijazoea kukaa bure nilikwenda Ulyankulu. Mzee wangu ni mkongwe sasa. Alikuwa amekaa barazani na mkewe wakichambua majani ya tumbaku, naye ameinama zaidi ya zamani.

"Shikamoo, mzee. Nimestaafu."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za kiinua mgongo wala sherehe ya kuagwa. Aliendelea kulainisha jani gotini. "Katika miaka yako yote, yupo mpagazi aliyeshuka mlima ule mgongo umevunjika?"

Niliwapitia wote moyoni, mmoja baada ya mwingine. Alikuwepo aliyeteguka kifundo cha mguu. Alikuwepo aliyeumwa na nyuki hadi sura ikampotea. Malaria ilitusumbua kila msimu. Lakini mgongo, nilitafuta na kutafuta.

"Hayupo, mzee."

Akaliweka jani chini. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na nikaona macho yake yamejaa.

"Basi na mimi sasa nimestaafu," akasema.