Siku Arobaini za Zuena

Bi Mwanaasha, bibi yake mume wangu, ndiye aliyewaogesha watoto wote wa nyumba yetu ya Mtoni, mume wangu Mwinshehe akiwemo. Mwaka sabini na nne nilipomzaa Zuena, vidole vya Bibi vilikuwa vimeshapinda kama tangawizi. Kila asubuhi vilikuwa havifunguki mpaka jua lipande.

Nilimpeleka zahanati. Mganga hakumshika hata mkono.

"Baridi yabisi hiyo, bibi. Wazee wa umri wako wengi wanayo. Hebu tazameni benchi lile."

Tukatazama. Wazee saba, na watano wamepakata mikono yao kama mizigo ya watu. Tukarudi na vidonge sita.

Mwinshehe akasema jirani yetu Eufrazia amwogeshe mtoto. Bibi akasikia.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania, "huyo mume wetu nimemsugua mie mpaka masikio, leo sifai? Siku arobaini za Zuena ni zangu. Zikinishinda, basi mie sina kazi tena duniani."

Akamwogesha. Alipima maji kwa kiwiko, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu yake, karai pembeni. Siku thelathini na moja.

Siku ya thelathini na mbili mvua ilinyesha, nikamsikia akigumia. Nikamwonea huruma. Nikapasha mafuta ya nazi, nikamkanda kidole kimoja kimoja mpaka vikalegea.

"Ee, leo nimekuwa mwari!" akacheka.

Nikasahau kumfuta mikono. Alipomgeuza Zuena kifudifudi, mtoto akamponyoka, paji likagonga ukingo wa karai.

Uvimbe ulishuka kabla ya alasiri. Bibi alikuwa bado anaitazama mikono yake.

"Ni mafuta, bibi. Ni mie sikukufuta."

"Usinidanganye, mwanangu. Watoto wote wa nyumba hii nimewapaka mafuta. Nani aliniponyoka?"

Hakuniita tena mke mwenzangu.

Siku nane zilizobaki aliogesha Eufrazia. Siku ya arobaini nilimwekea Zuena mapajani, lakini Bibi hakuitoa mikono ndani ya kanga.

"Mchukue. Ataanguka."

Bibi alikufa kabla Zuena hajatambaa. Wanawake walipomwosha, mie nilimshika mkono wa kulia. Wakaniambia nimnyooshe vidole. Nilijaribu taratibu, kimoja kimoja, kama siku ile. Havikunyooka. Wakamvika sanda hivyo hivyo.