Mama, Mukubwa wa Treni

Juzi bandarini meli ilipiga honi, mutoto mumoja akajitupa chini akilia. Nikamukumbuka mudogo wangu Kabwe. Yeye, utotoni, treni ikilia tu, alikimbia ovyo mpaka ziwani. Majirani walitaka afungwe kamba.

Alasiri moja uani kulinuka ndagala, samaki wadogo tuliowaanika. Mama akamushika Kabwe mabega, akamubembeleza: "Papa wangu, sasa treni italia. Kisha itanyamaza."

Ikalia, ikanyamaza. Nikatangazia mutaa muzima kwamba Mama njo mukubwa wa treni! Leo, mimi mwenye malori niliyoyapata bila diploma, najua aliwaona tu abiria wakikimbilia gare, kituo cha treni, na mafurushi.

Treni ikalia tena. Kabwe akatetemeka, lakini miguu haikukimbia.

"Nyamaza, we!" akaifokea.

Ikanyamaza. Mama akacheka mpaka machozi.