Sheria ya viatu katika gari la marehemu

Marehemu mume wangu hakumruhusu mtu kuingia na viatu katika gari lake la Kimarekani. Ndiyo maana, ingawa gari lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, zulia lake lilikuwa safi kuliko shuka zetu. Alipofariki, paa la nyumba lilianza kuvuja juu ya vitanda vya watoto, nikaamua kuliuza gari.

Mfanyabiashara mmoja alikuja kutoka mji wa Manono, mnene, amevaa suti. Nilimwambia kweli yote: breki ni za kubembeleza, na honi hulia ikipenda yenyewe. Akakubali. Kisha nikamwomba avue viatu.

“Mama, ninanunua gari ao ninaingia musikitini?”

“Papa, hata mimi sikuipenda sheria hii. Lakini haijavunjwa hata siku moja, na sitaki ivunjwe mbele yangu.”

Akavua. Soksi ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kikachomoza kunisalimia. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Niliamini nimempoteza mnunuzi. Akanitazama, akakitazama kidole, naye akacheka hadi gari likatikisika. Tukapatana bei.

Injini ilipowaka baada ya majaribio mengi, hakuthubutu kuizima tena. Akaondoka, viatu vikabaki uani. Viatu vile havikuwa katika mapatano yetu. Nikavichukua, nikamkimbilia barabarani na kitambaa changu cheusi kichwani.

“Muone mujane!” jirani akapiga kelele. “Ameanza kukimbiza wanaume!”

“Huyu mumoja tu,” nikajibu, “nimurudishie viatu vyake.”