Jiwe la Kumkalisha Kipusa

Mtoto wa mdogo wangu alinizoea mimi kabla hajamzoea mama yake. Sisemi hivyo kumsengenya mtu, ndivyo ilivyokuwa. Likizo ya uzazi iliisha, mama mtu akarudi ofisini, mtoto akabaki mikononi mwangu. Uji wa kwanza nilimnywesha mimi. Meno yalipoota, kidole alichotafuna ni changu. Aliposimama dede, alishika gauni langu. Jina lake analo, lakini mimi nilimwita Kipusa, na akawa haitiki jina jingine.

Ujauzito wa pili ulipofikisha miezi saba, mdogo wangu aliniita sebuleni akaniambia nimechoka. Mimi sikuwa nimesema nimechoka. Akasema nahitaji kwenda nyumbani kupumzika, na kwamba binti wa upande wa mumewe angekuja kushika nafasi yangu. Binti amemaliza shule, anajua kusoma vitabu vya hadithi, atawasemesha watoto vizuri. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Baba yetu alipofariki, mmoja kati yetu alitakiwa kuacha shule amsaidie mama kuuza gengeni. Nikaacha mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Yeye akasoma. Leo kusoma kwake ndiko kunakonitoa ndani.

Ningeondoka Jumatatu. Jumamosi walikuwa wamepanga kwenda ufukweni kupigwa picha ya familia kabla mtoto wa pili hajazaliwa. Niliomba kitu kimoja tu: picha moja, mimi na Kipusa, ya kwenda nayo nyumbani.

"Hilo tu, dada?" mdogo wangu akasema. "Hata kumi tutapiga."

Nikaamini. Nilitoa gauni langu la zambarau, lile nililovaa harusini kwao, nikalipiga pasi kola na mikono. Siku ilipofika nikawakuta wote wamevaa nyeupe. Shemeji shati jeupe, mdogo wangu gauni refu jeupe lililomkaa vizuri tumboni, Kipusa kigauni kipya cheupe chenye marinda. Walikuwa wamekubaliana. Mimi hakuna aliyeniambia.

Mpiga picha alikuwa mwanamume mwembamba, suruali ameikunja hadi magotini, mwenye maneno mengi. Aliwapanga karibu na maji, mume nyuma, mke mbele, mtoto mapajani kwa mama. Lakini mapaja yenyewe yako wapi? Tumbo lilikuwa limeyameza yote. Kipusa akateleza, akakaa mchangani, akalia. Baba yake akambeba, mtoto akajinyonga mgongo kama samaki na kunyoosha mikono kwangu. Wakampa mdoli, akautupa majini. Wakampa funguo za gari, shemeji akazidaka kabla hazijafuata mdoli.

"Huyu anamtaka yule mama pale," mpiga picha akasema. "Aje amshike."

Mdogo wangu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema kwa upole kwamba zambarau itavuruga picha nzima.

Hapo ndipo mpiga picha alipopata wazo lake. Kwenye kikapu kulikuwa na blanketi la kijivu la mtoto atakayekuja. Akasema nikae mchangani, nijikunje, anifunike nalo mwili wote, mtoto akalishwe juu yangu. Kwa mbali nitaonekana jiwe. Alisema amewahi kufanya hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kugundua.

Nilisubiri mdogo wangu akatae. Alikuwa anatengeneza nywele.

Nikakaa. Wakanifunika kichwa na vyote, wakanikalishia mtoto. Nilimshika kiunoni kwa kupitia ukingo wa blanketi. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sabuni mpya. Mchanga uliniingia mdomoni nikautafuna.

"Jiwe letu linapumua," shemeji akasema, maana hakosi utani na mimi. "Shemeji, jiwe halipumui hivyo."

"Na lisikohoe," mpiga picha akaongeza. Wakacheka wote.

Kisha Kipusa akaanza kucheka. Hawakujua kwa nini, ila mimi nilijua. Nyumbani, nikianua nguo, mimi hujifunika shuka, naye hunigonga kichwani hadi nifunuke. Ndio mchezo wetu. Basi akanigonga kupitia blanketi, kwa viganja vyote viwili, akangoja. Sikufunuka. Akagonga tena, akacheka kwa sauti ile ya kukatika pumzi, akijua nimo na muda si mrefu nitatoka. Nilisikia kamera ikipiga mfululizo, na mpiga picha akisema hajawahi kuona mtoto mwenye cheko tamu namna ile. Mdogo wangu akajibu kwamba amerithi kwa mama yake.

Machozi yalinitoka humo humo. Yasingeonekana, kwa hiyo sikuyazuia.

Waliponifunua, jua lilikuwa limeshuka na watu wengine walikuwa wanasubiri zamu. Nilijifuta mchanga usoni, nikamshika Kipusa vizuri, nikamwambia mpiga picha kwamba sasa ni sisi wawili. Yeye akamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akasema mtoto amechoka, gauni limelowa, na picha yetu tutapiga nyumbani kwa simu.

Nyumbani walikuja wageni, kisha simu ikawa haina chaji, kisha ikawa Jumatatu.

Asubuhi hiyo mfuko wangu ulikuwa mlangoni. Binti alikuwa amefika tangu jana, yuko jikoni akiuliza sufuria ya uji ni ipi. Shemeji akaingia na picha ndani ya fremu kubwa, akaitundika juu ya televisheni. Kweli ilikuwa nzuri. Wanang'aa wote, bahari nyuma yao, na Kipusa katikati amekaa juu ya jiwe la kijivu, mdomo wazi, anacheka. Nilisogea karibu kutafuta vidole vyangu, maana nilimshika hadi mwisho. Havikuwepo. Shemeji alieleza kwamba mpiga picha amevifuta kwa kompyuta. Mtoto alikuwa amekaa peke yake, hakuna aliyemshika.

Mama yake akambeba ili naye aone. Kipusa akawapita wote pichani, yeye mwenyewe, baba, mama, akaweka kidole juu ya blanketi.

"Mama," akasema.

Mdogo wangu akacheka kidogo. "Hapana, mpenzi. Hilo ni jiwe. Sema jiwe."

"Mama," akasema tena, na sasa alikuwa ananitazama mimi, akitaka nimuunge mkono.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Mwambie wewe, dada," mdogo wangu akasema. "Wewe ndiye anayekusikia."

Niliubeba mfuko begani kwanza. Kisha nikamwinamia.

"Jiwe, Kipusa," nikamwambia. "Hilo ni jiwe."

Akaniangalia, akaiangalia picha. Kwangu mimi hajawahi kubisha.

"Dwe," akasema.

Wakampigia makofi.