Mtahini Alikuja Wakati wa Mbalamwezi

Alfajiri, Katonga. Mitumbwi inarudi na dagaa, na Rozalia Gervasi amesimama mlangoni mwa kituo cha kulea watoto, anawapokea. Wengine bado wamelala mgongoni. Kina mama wanawakabidhi, wanakimbilia mwaloni, mitumbwi inakofikia, kuanika dagaa.

"Shikamoo Mama Mwalimu," anasema mtoto mmoja.

"Marahaba. Lete hiyo pua tuifute, bwana mkubwa."

Lakini kwa wakubwa wenyewe, wa ofisini, Rozalia si mwalimu. Amelea watoto hapa miaka kumi na miwili, cheti hana. Wametangaza kuwa mwakani asiye na cheti cha malezi ya watoto wadogo asikae nao. Haya, akasoma. Mtihani wa kuandika akafaulu. Ukabaki wa vitendo, akiwa na watoto mbele yake.

Mtahini akaja mwezi ukiwa mpevu. Hapa ziwani nani hajui? Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu, mama anashinda nyumbani na mwanawe. Wengine wanapanda milimani, Kalinzi, kwa ndugu. Siku hiyo walikuja watoto watatu.

"Akaniuliza, watoto wako wapi? Nikamwambia, mzee, ni mbalamwezi. Akacheka. 'Mama, mimi sikuja kutahini mwezi.'" anasimulia Rozalia.

Mtahini akaandika kwamba Rozalia hajamudu darasa, akaondoka zake. Wanaopanga tarehe wamekaa ofisini, na kuuliza hawaulizi. Wangeuliza, hata mchuuzi wa dagaa angewaambia.

Rozalia alikwenda mjini kuomba apangiwe siku za giza, watu wakiwa kazini. Akajibiwa ratiba inatoka juu. Tarehe mpya, ya mwisho, imeshatoka. Ni mbalamwezi tena.

Sasa anapita nyumba kwa nyumba akiomba watoto waje siku hiyo. Stephania, anayeanika dagaa, anamtania: "Dada, umekuja kuazima mtoto kama sufuria?"

"Naazima. Nitamrudisha ameoga."

Stephania anacheka, halafu anaacha. "Wiki hiyo ndiyo namwona mwanangu akiwa macho, dada. Siku nyingine nakuletea amelala, namchukua amelala."

Rozalia anaaga. Njiani anasema: "Simlaumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia kwenye vikao vya wazazi, mtoto anamhitaji mama yake."

Je, atakwenda mbele ya mtahini?

"Nitakwenda. Akija mtoto mmoja, nitamfundisha huyo mmoja. Waandike watakavyo."