Siku Fundi Alipomweka Nduguye Benchi

Timu ya mtaa ilikuwa imefungwa mpaka watu wakaacha kuuliza imefungwa mangapi. Wapinzani waliibatiza jina la Godoro, kwa kuwa kila mgeni aliyekuja alilala juu yake, akaondoka amepumzika. Kocha aliyekuwapo aliaga kwenda kumzika shangazi yake, asirudi tena. Baadaye ikajulikana kuwa shangazi mwenyewe ni mzima wa afya na bado anauza vitambaa.

Ndipo kamati ilipokwenda kwenye karakana ya Fundi. Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma, mtu wa makamo, mpole, anayechechemea kidogo. Zamani alikuwa beki wa kushoto wa timu hiyohiyo, hadi goti lilipomkatalia. Alifanya kazi na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Nanga, maana akishasimama katikati ya ulinzi hapakuwa na wa kumng'oa. Nanga ndiye alikuwa nahodha.

Baba yao alifariki Nanga akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba alikuwa Fundi. Ndiye aliyemfundisha kupiga mpira kwa kichwa, uani kwao, huku nguo za mama zikianguka kutoka kwenye kamba moja baada ya nyingine. Mama aliwakimbiza wote wawili kwa ufagio mmoja. Walikua hivyo, na walipokuwa watu wazima waliendelea kuishi nyumba moja na mama yao, wakila sahani moja.

Kamati ilipomaliza kueleza shida yake, Fundi aliomba apewe muda wa kufikiri. Aliyemsukuma ni Nanga.

"Chukua, kaka," alimwambia. "Wewe nje, mimi ndani, nani atatuweza?"

Basi akachukua. Mwanzoni hakufundisha chochote. Aligeuza ndoo, akaikalia kando ya uwanja, akatazama. Alichokiona ni kwamba vijana hawakuwa wabovu, walikuwa waoga. Wakifungwa, kila mmoja alitafuta wa kumlaumu kabla mpira haujatolewa wavuni. Kipa alikuwa na mikono mizuri, lakini alikuwa amekwisha kutukanwa mpaka mpira ukija alitazama kwanza nani anamtazama. Fundi akaweka sheria moja: tukifungwa, hakuna kufungua mdomo hadi mpira urudi katikati. Akahamishia mazoezi alfajiri, kabla watu hawajakwenda kazini, kwa sababu jioni palijaa watazamaji waliokuja kucheka. Winga mmoja, mwoka mikate, hakujua kupiga krosi hata ya kusingizia, ila alikuwa na mapafu ya punda. Fundi akamrudisha nyuma kucheza beki wa pembeni. Mshambuliaji, aliyezoea kukimbia uwanja mzima kama aliyepotelewa na mbuzi, aliambiwa akae karibu na goli na asubiri.

Mambo yakaanza kutengemaa. Sare ya kwanza ilipokelewa kama kombe. Lakini ushindi ulikataa kuja, na sababu yake Fundi aliijua tangu siku za ndoo, ila alijifanya haioni.

Nanga alikuwa amezeeka kimpira. Mbio zilikuwa zimemwisha, naye alilijua hilo, kwa hiyo alirudi nyuma hadi karibu na kipa ili asipitwe. Mabeki wengine, kwa kumheshimu nahodha, walirudi naye. Kati yao na viungo likabaki pengo ambalo lori lingeweza kugeuzia, na wapinzani waligeuzia hapo kila mchezo. Fundi alimjaribu mdogo wake kwenye kiungo, akapotea kama mgeni sokoni. Akamwomba awe anapanda juu na wenzake. Nanga akacheka, akauliza mshambuliaji akimpita huko juu nani atamkimbiza, kaka yake na goti lake?

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja aliyestaafu uuguzi, alimfuata Fundi karakanani siku moja Nanga akiwa ametoka kupima dirisha la mteja. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba wote wanaona, na wote wanamngoja yeye.

Mchezo uliofuata ulikuwa dhidi ya timu nyingine ya mkiani. Atakayefungwa angeshuka daraja. Asubuhi ile ndugu wawili walikunywa chai pamoja, mama akiwamiminia. Kisha wakaenda kumalizia geti, Nanga akishikilia vyuma, Fundi akichomelea. Mara kadhaa Fundi alizima mashine, akainua kinga ya uso ili aseme. Alimtazama mdogo wake aliyekuwa akipiga mluzi, akaishusha tena, akaendelea na chuma.

Kwa hiyo alilisema mahali pabaya kuliko pote. Katika chumba cha kubadilishia nguo, ambacho kilikuwa stoo ya viti, alisimama akasoma kikosi. Nanga alikuwa amekwisha kuvaa soksi, kitambaa cha unahodha kiko mkononi. Jina lake halikusomwa. Fundi akamalizia kwa kusema nahodha ni kipa, na wachezaji wote wakatazama sakafu.

Nanga hakupaza sauti. Alivua kitambaa, akamwendea kipa, akamvisha na kukikaza mwenyewe. Aliporudi kukaa alipita karibu na kaka yake.

"Ungeniambia nyumbani, kaka," alisema taratibu. "Tulikunywa chai pamoja."

Walishinda. Mabeki walipanda, pengo likazibika, mshambuliaji aliyesubiri akaletewa alichokisubiri. Nanga alikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, akapiga makofi kila palipostahili makofi. Watu walipoingia uwanjani kumbeba Fundi juu juu, Nanga alikunja jezi yake ambayo haikupata jasho, akaiweka juu ya benchi na kuondoka.

Kesho yake hakuja karakanani. Alimwambia mama kuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao, mji mwingine, akafunga mzigo wake Fundi akiwa kwa mteja. Salamu alizotumiwa alizijibu kwa adabu zote: zimefika, kaka, nami nakusalimu, wasalimie wote. Ni adabu ile iliyomchoma Fundi. Angetukanwa angejua pa kuanzia.

Timu haikushuka daraja. Msimu uliofuata ilipanda hadi nusu ya juu, na jina la Godoro likafa lenyewe. Fundi alianza mtindo ambao wengine waliuona wa ajabu: akitaka kumwacha mchezaji nje, alimfuata kwake siku moja kabla, akakaa, akamweleza uso kwa uso. Vijana wakawa wanaogopa mlango kugongwa.

Nyumbani mambo yalibaki vilevile. Jirani mmoja alipomsifu mbele ya mama yake, kwamba kweli mwanao ni mwanamume, ameinua timu nzima, yule mama aliendelea kupepeta mchele wake.

"Mimi mpira siujui," alisema. "Ninachojua, nilikuwa na wawili hapa ndani."

Kisha ikaja habari kwamba Nanga amelazwa, figo zimeharibika. Fundi alifunga karakana, akasafiri. Alimkuta kitandani amevimba miguu, yule aliyekuwa hang'oki sasa akisaidiwa kugeuka. Walisalimiana, wakaulizana habari za mama. Fundi akavuta kiti.

"Mdogo wangu, siku ile..." alianza.

"Yule beki wenu mpya," Nanga alimkatiza, "anaruka vizuri?"

"Anaruka. Ila akipiga kichwa anafumba macho."

Nanga akatabasamu. "Mwambie afumbue. Mimi pia nilikuwa nafumba."

Wakaongea mpira. Waliongea kuhusu kipa, kuhusu mwoka mikate, kuhusu goli moja la zamani ambalo kila mmoja alilikumbuka kivyake. Fundi alikuwa akingoja nafasi ya kumalizia sentensi yake, na kila alipodhani imepatikana, Nanga alileta jingine. Muuguzi akaja kusema muda wa wageni umekwisha. Fundi akaahidi kurudi Jumapili.

Nanga hakuifikia Jumapili. Kama alimkatiza kaka yake kwa kuwa alikuwa amesamehe, au kwa kuwa hakutaka kusamehe, hakuna ajuaye. Fundi alilifikiria swali hilo kwa miaka, na mara nyingine lilimjia akiwa na chuma mkononi, akasahau alikuwa anakata wapi. Kwenye maziko jeneza lilibebwa na wachezaji, wakiwemo wale ambao Nanga aliwahi kuwafokea mpaka wakalia, na kipa alikataa kupokezana.

Baada ya matanga mama alisema anataka kwenda uwanjani. Hakuwahi kukanyaga pale. Fundi alimpeleka siku ya mchezo, akamkalisha kwenye kiti kivulini, na badala ya kukaa na timu akamwachia msaidizi wake, akasimama kando ya mama. Mama alitazama, kanga ameikaza mabegani. Kisha akauliza mwanawe alikuwa anasimama wapi.

Fundi alimwonyesha. Mahali pale alikuwepo kijana mrefu, na wakati huohuo mpira ulikuja juu, kijana akaruka, akauondoa kwa kichwa. Watu wakapiga makofi.

"Ni hodari huyu?"

"Hodari, mama."

"Kumshinda yeye?"

"Ana mbio zaidi," alisema Fundi.

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alikaa kidogo, akamtazama kijana yule akirudi mahali pake, kisha akanyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka. Mchezo ulikuwa haujafika hata nusu. Fundi akamshika mkono, wakatoka polepole, yeye akichechemea, mama akimsubiri.